Mapigo ya moyo ya mtoto: usisafishwe kizazi kwa kipimo kimoja

SEHEMU YA 1: KWA NINI NAANDIKA HII

  Leo posti ni ndefu, nimeigawa sehemu saba. Kama unanyonyesha soma kidogo, weka simu, utarudi. Ila sehemu ya 4 na ya 5 usiziruke.

Zamani mama wa huku alisubiri mtoto acheze tumboni ndipo moyo wake utulie. Ultrasaundi ilikuwa kitu cha hospitali kubwa. Siku hizi mashine zimesogea karibu, na hilo ni jambo jema, mimi silipingi hata kidogo. Shida ni namna tunavyozitumia. Mama amekosa siku zake wiki moja tu, amepima mkojo kaona mistari miwili, kesho yake ni siku ya gulio, anashuka mjini, anapanga foleni ya ultrasaundi "nikaone mapigo." Anatoka na karatasi imeandikwa hakuna mapigo.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Jirani anamwambia imefia tumboni, itakuozea. Mwingine anamwelekeza vidonge kwenye duka la dawa. Mume anauliza sasa tunasubiri nini. Baada ya siku mbili mimba haipo, na hakuna mtu duniani atakayejua kama ilikuwa hai au la.

Msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni ili mtu asinielewe vibaya. Kama hutoki damu nyingi, huna maumivu makali, huna homa wala dalili nyingine ya hatari, basi kipimo kimoja cha mapema kinachosema "hakuna mapigo" hakitoshi kukufanya usafishwe kizazi wala umeze dawa. Omba kipimo cha pili. Omba bila aibu, tena mbele ya mume na mama mkwe wako. Sababu zangu ni hizi zinazofuata.

SEHEMU YA 2: MOYO UNAANZA LINI KUPIGA

Kwanza tuelewane kwenye hesabu. Wiki za mimba tunazihesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, siyo siku mliyokutana na mwenzako. Kwa hiyo nikikuambia mimba yako ina wiki 4, mtoto mwenyewe ana wiki mbili tu tangu atungwe. Watu wengi hapa wanachanganyikiwa, na ugomvi wa nyumbani unaanzia hapahapa: "mbona nilisafiri, wiki zimezidije?" Hazijazidi, baba. Ndivyo zinavyohesabiwa.

Sasa moyo. Unaanza kudunda takriban siku ya 22 tangu mimba itungwe. Kwa hesabu yetu ya kliniki hiyo ni wiki ya 5 ikiwa imepita kidogo. Wakati huo mtoto mzima ana urefu wa milimita mbili hivi, ni kama punje ya ulezi. Na moyo wenyewe haujawa moyo wenye vyumba vinne unaoujua, ni kijirija tu kinachojikunja na kujibana. Fikiria unatafuta mchezo wa kitu kilicho ndani ya punje ya ulezi, kupitia ngozi ya tumbo, mafuta, misuli na kibofu. Siyo kazi ndogo.

Kasi yake nayo haikai mahali pamoja. Kwa wastani inakwenda hivi:

Wiki ya 6: mapigo kama 100 hadi 120 kwa dakika.
Wiki ya 7: yanapanda, kama 120 hadi 150.
Wiki ya 8: kama 150 hadi 170.
Wiki ya 9: hapo ndipo juu kabisa, kama 170 na ushee.
Wiki ya 13 na 14: yanashuka, yanazunguka 150.
Miezi ya mwisho hadi kujifungua: kati ya 110 na 160.

Mama mwenyewe akiwa amekaa ametulia moyo wake unapiga 60 hadi 100. Kwa hiyo ukiona 170 kwenye karatasi ya mimba ya wiki 9 usishtuke ukafikiri mtoto anakimbizwa. Ndiyo kasi yake.

Hii hesabu imejulikana siku nyingi. Mwaka 1973, kule Glasgow, Uskoti, daktari Hugh Robinson na mwenzake walipima mapigo ya mimba changa kwa ultrasaundi wakaona picha hiyohiyo: yanaanza taratibu, yanapanda mpaka wiki ya 9, halafu yanashuka.

Na kila kifaa kina wakati wake wa kuona au kusikia:

Ultrasaundi ya kuingizwa ukeni inaweza kuona mapigo kuanzia karibu na wiki ya 6.
Ultrasaundi ya juu ya tumbo, ambayo ndiyo wengi wetu tunapimwa nayo, huchelewa, mara nyingi mpaka wiki ya 7 au zaidi.
Dopla, ile mashine ndogo ya mkononi yenye spika, kuanzia wiki ya 10 hadi 12.
Fetoskopu, kile kifaa cha mbao au plastiki kama tarumbeta ndogo ambacho mkunga anaweka sikio, kuanzia wiki ya 20 hivi. Hicho alikitengeneza Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, na mpaka leo kinafanya kazi bila betri wala umeme.

Kwa hiyo mkunga wa zahanati asiposikia kitu kwa fetoskopu mimba ikiwa na miezi mitatu, hiyo siyo dalili kwamba mtoto ana tatizo. Muda wa kusikika kwa kifaa hicho haujafika. Basi.

SEHEMU YA 3: TAREHE NDIYO INAYOTUANGUSHA

Sasa sikiliza, maana hii inawahusu sana akina mama wa huku kwetu.

Kipimo kinasema hakuna mapigo, mama anasema "lakini nina miezi miwili na nusu!" Ukimuuliza tarehe ya hedhi ya mwisho anafikiri kidogo, anajibu, "ilikuwa tunapalilia maharage." Simcheki. Sisi tunakumbuka mambo kwa msimu, kwa mvua, kwa gulio. Lakini palizi ya maharage inachukua muda, na wiki tatu za kukosea ndizo zinazotenganisha mimba ambayo ni lazima ionyeshe mapigo na mimba ambayo bado haijafika.

Halafu kuna makundi matatu ambayo hesabu ya hedhi inawadanganya kabisa.

La kwanza ni mama anayenyonyesha. Amejifungua, hedhi haijarudi, kabeba mimba nyingine kabla hajaona damu hata mara moja. Huyo hana tarehe ya kuanzia. Ukimwambia ahesabu atahesabu kutoka wapi?

La pili ni aliyekuwa anachoma sindano ya uzazi wa mpango. Akiacha, hedhi inaweza kuchukua miezi kurudi, na ikirudi inaruka ruka. Anaweza kukaa miezi minne bila damu na mimba yake ikawa na wiki 5 tu.

La tatu ni mwenye mzunguko mrefu. Hesabu yetu ya kliniki inachukulia mzunguko wa siku 28. Kama wako ni wa siku 35, yai lako linatoka wiki nzima baadaye. Maana yake kalenda inasema wiki 7, mtoto yuko wiki 6. Kwa mapigo ya moyo, wiki hiyo moja ndiyo inayoamua kama mashine itayaona au la.

Kuna pia wanaotokwa na damu kidogo siku ambazo walitegemea hedhi, wakaihesabu kama hedhi, kumbe tayari wana mimba. Hao kinyume chake, mimba yao ni kubwa kuliko wanavyodhani.

Ushauri wangu ni rahisi, hata daftari la shule la mtoto linatosha. Kila hedhi ikianza, andika tarehe. Au iweke kwenye simu. Baba, hata wewe unaweza kuandika, haikupunguzii uanaume. Tarehe hiyo moja inaweza kuokoa mimba.

SEHEMU YA 4: "HAKUNA MAPIGO" INA MAANA TATU

Hii ndiyo nyama ya maneno yangu. Ukiambiwa mapigo hayajaonekana, kuna mambo matatu yanayowezekana.

Moja, mimba ni nzima lakini bado changa mno.
Mbili, mimba imeharibika kweli.
Tatu, mimba imetunga nje ya kizazi, na hii ni hatari kwa maisha yako.

Mtu anayekupima mara moja, wiki ya 5 au ya 6, mara nyingi hawezi kutofautisha hizo tatu hapo hapo. Siyo kwamba hajui kazi. Macho ya mashine ndiyo yamefika mwisho. Dawa ya hali hiyo ni muda.

Ndiyo maana kuna vipimo vya milimita ambavyo wataalamu wanavifuata. Kwa ultrasaundi ya ukeni, mtoto akiwa na urefu wa milimita 7 au zaidi na hana mapigo, hapo ndipo daktari anaweza kuanza kusema mimba imeharibika. Au kifuko cha mimba kikiwa na wastani wa milimita 25 au zaidi na ndani hakuna mtoto. Chini ya hapo jibu sahihi ni moja tu: hatujui bado, rudi.

Na msidhani haya ni mambo ya huku kwetu porini peke yake. Uingereza, na mashine zao zote, mpaka mwaka 2011 walikuwa wanatumia viwango vidogo zaidi. Kifuko cha milimita 20 bila mtoto kilihesabika kuwa mimba imeharibika. Utafiti ukaonyesha kwamba kwa viwango hivyo mimba chache zilizo hai zingeweza kuhukumiwa kuwa zimekufa. Wakapandisha, 25 kwa kifuko na 7 kwa mtoto. Na mwongozo wao uliofuata mwaka 2012 unasema hata ukifika viwango hivyo, tafuta mtaalamu wa pili aangalie au rudia kipimo baada ya siku zisizopungua 7. Kama ulipimwa juu ya tumbo tu, rudia baada ya siku zisizopungua 14. Sasa kama wao wenye mashine kila kona wanarudia, sisi tunakimbilia wapi?

Najua maswali yenu. Nayajibu.

"Muuguzi, ikikaa tumboni si itaoza imuue?" Hofu hii naielewa, imetoka kwa bibi zetu waliokuwa wanaona wanawake wanakufa kwa kuvuja damu na kwa homa. Lakini mimba changa iliyoharibika, kama huna homa, huna uchafu wenye harufu mbaya, huna damu nyingi, haikuui kwa kusubiri wiki moja au mbili. Wengine huitoa wenyewe kwa muda huo. Hatari ziko kwenye dalili, na dalili nimeziandika sehemu ya 5.

"Nauli je?" Hili ndilo swali zito na silidharau. Kutoka kijijini Mabamba mpaka Kibondo mjini, mara mbili ndani ya wiki mbili, wakati wa mvua, kwa bodaboda, siyo mchezo. Hela hiyo ni ya sabuni, ya daftari, ya mbolea. Ndiyo maana nasema usiende mapema mno! Kama huna maumivu wala damu, na hujawahi kupata mimba nje ya kizazi, hakuna haja ya kukimbilia ultrasaundi wiki ya 5. Ukienda wiki ya 8 au zaidi, kipimo kimoja mara nyingi kinakupa jibu kamili na umetumia nauli moja. Shirika la Afya Duniani lenyewe, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendekeza ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Moja.

"Si kusubiri ni mateso?" Ni mateso, kweli. Wiki mbili za kutokujua, unalala unaamka unagusa tumbo. Sikudanganyi kwamba ni rahisi. Ila ukishasafishwa hakuna kurudi nyuma, na swali la "je alikuwa hai?" linakaa na mtu miaka.

Na kwa wenzangu wa kada ya afya wanaosoma hapa: tafadhali tusiandike "hakuna mapigo" halafu basi. Tuandike tarehe, tumepima juu ya tumbo au ukeni, kifuko kina milimita ngapi, mtoto ana milimita ngapi, kiko ndani ya kizazi au hakijaonekana, na arudi lini. Mistari sita. Mama akienda na karatasi hiyo hospitali nyingine, anayempokea ana pa kuanzia. Akienda na maneno mawili, tunampima upya kama hajawahi kupimwa.

SEHEMU YA 5: HAPA USISUBIRI HATA SAA MOJA

Nimesema subiri. Sasa nasema lini USISUBIRI. Mtu asichukue nusu ya maneno yangu.

Nenda hospitali mara moja, usiku au mchana, kama una mimba changa na unapata lolote kati ya haya:

Damu nyingi inayolowesha pedi au kitambaa ndani ya saa moja, au mabonge makubwa.
Maumivu makali ya tumbo chini, hasa upande mmoja.
Kizunguzungu, kuzimia, jasho la baridi, au maumivu kwenye ncha ya bega.
Homa pamoja na uchafu wenye harufu mbaya ukeni.

Maumivu ya upande mmoja na kizunguzungu yanaweza kuwa mimba iliyotunga kwenye mrija. Mrija ukipasuka, damu inamwagikia ndani ya tumbo. Nje unaweza kuona matone tu, kumbe ndani lita zinapotea. Huyu anahitaji upasuaji na damu, hivyo zahanati itamwandikia rufaa kwenda hospitali. Usipoteze saa kwenda kwanza kwa mtu wa mitishamba.

Na hapa ndipo naposema kwa ukali kuhusu vidonge vya kutoa mimba vinavyouzwa kimyakimya. Mama ameambiwa hakuna mapigo, hakuna kilichoonekana kizazini, akameza. Kama mimba iko kwenye mrija, vidonge hivyo havitaiondoa. Ataona damu kidogo, atafikiri imetoka, atatulia nyumbani, na mrija unaendelea kutanuka. Ndugu zangu, hivi ndivyo mtu anavyopoteza maisha akiwa anadhani amepona.

Mpange mapema. Namba ya dereva wa bodaboda anayepokea simu usiku iwe kwenye simu ya mama na ya baba. Mjue mtapita njia gani mvua ikinyesha. Mjue nani atabaki na watoto. Na hela kidogo iwekwe mahali ambapo mama mwenyewe anaijua.

SEHEMU YA 6: NAMBA KWENYE KARATASI SIYO RAMLI

Sasa tupoe kidogo.

Utasikia watu wanasema mapigo yakizidi 140 ni mtoto wa kike, yakiwa chini ni wa kiume. Nimekutana na baba anayeuliza namba hiyo kabla hajauliza hali ya mke wake. Jamani, haina ukweli. Watafiti wamelinganisha mapigo ya wavulana na wasichana katika mimba changa, hawakuona tofauti. Umeona mwenyewe kwenye sehemu ya 2, mtoto yuleyule wiki ya 6 ana 110 na wiki ya 9 ana 170. Sasa alikuwa mvulana akageuka msichana?

Namba ndogo je? Hapa pana ukweli wa kuzingatia. Moyo ukipiga chini ya 90 kwenye wiki ya 6 na ya 7, uwezekano wa mimba kuharibika unaongezeka. Siyo hukumu, ni onyo. Unarudi baada ya wiki moja hivi kuangaliwa tena. Zipo zinazopanda zikaendelea vizuri, zipo zinazosimama. Na hakuna sindano, hakuna kidonge, hakuna mti shamba wa kuuongezea kasi moyo wa mtoto wa wiki 6. Anayekuuzia kitu cha namna hiyo anakula hela yako.

Kwa upande wa pili, habari njema. Mapigo yakionekana vizuri wiki ya 8 na huna damu, nafasi ya mimba kuendelea ni kubwa sana, zaidi ya 9 kati ya 10. Furahi. Lakini furaha hiyo isikufanye uache kliniki, maana mapigo mazuri hayakuambii kama una malaria, kaswende au damu pungufu.

Na hizi programu za simu zinazodai kusikiliza moyo wa mtoto, ziacheni. Simu haiwezi. Hata dopla zinazouzwa mtandaoni kwa matumizi ya nyumbani zina mtego: mama anasikia dudundudu anashangilia, kumbe ni mshipa wake mwenyewe. Mkunga anajua kushika mkono wa mama na kulinganisha mapigo kabla hajasema "huyu ndiye mtoto." Na zaidi mimba ikikua, mama anahisi mtoto hachezi kama kawaida, anajipima na kimashine chake, anasikia mlio, anatulia nyumbani badala ya kwenda hospitali. Mtoto asipocheza kama kawaida, nenda. Usijipime.

SEHEMU YA 7: UKIENDA MAPEMA, NENDA KLINIKI

Kuna mtu ataniuliza, sasa muuguzi unatukataza kwenda mapema? Hapana! Nataka uende mapema, ila uende kliniki ya wajawazito, kabla ya wiki 12. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba kwa Tanzania nzima ni kama mjamzito mmoja tu kati ya wanne aliyeanza kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Huku kwetu wengi bado wanasubiri tumbo lionekane, wengine kwa kuogopa macho ya watu. Yaani tuna haraka ya kuona mapigo, lakini hatuna haraka ya kulinda huo moyo.

Kliniki ya mapema utapimwa wingi wa damu, malaria, virusi vya UKIMWI, kaswende, presha na mkojo. Kaswende peke yake inaua watoto tumboni, na inatibika kwa sindano. Utapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, ambavyo faida yake kubwa kwa uti wa mgongo wa mtoto iko hizi wiki za mwanzo. Utapewa chandarua. Na mimba ikiingia mwezi wa nne utaanza dawa za SP za kuzuia malaria. Kwa mkoa wetu wa Kigoma ambao mbu hawana likizo, haya siyo mapambo.

Ukiandikiwa ultrasaundi, nenda na kadi yako ya kliniki na uulize maswali haya. Piga picha ya skrini uyatunze:

Mimba iko ndani ya kizazi?
Kifuko kina milimita ngapi?
Mtoto ameonekana? Ana milimita ngapi?
Mapigo yameonekana? Kama hayajaonekana, kwa ukubwa huu yalipaswa yawe yameonekana?
Umepima juu ya tumbo au ukeni?
Nirudi lini?

Mtaalamu mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Akikuambia hakuna mapigo na huna dalili za hatari, mwambie kwa heshima, "Ahsante dokta, naomba tarehe ya kurudia." Ukitaka macho mengine, peleka karatasi hospitali ya wilaya Kibondo, au hospitali ya wilaya au Kabanga kama uko upande wa Kasulu.

Na kama kipimo cha pili kikisema kweli mimba imeharibika? Basi mama, pole. Pole sana. Hapo daktari atakueleza njia zilizopo: kusubiri itoke yenyewe, dawa, au kusafishwa kwa usalama hospitali. Huduma baada ya mimba kuharibika ipo na ni haki yako, hakuna wa kukugombeza. Ujue pia kwamba takriban mimba 15 kati ya 100 zinazojulikana huharibika, nyingi miezi mitatu ya kwanza, na mara nyingi sababu ni hitilafu iliyotokea kwenye vinasaba wakati mimba inatungwa. Siyo kwa sababu ulibeba ndoo ya maji. Siyo kwa sababu mlikutana kimwili. Siyo jirani aliyekuangalia vibaya. Mama mkwe, nakuomba hapa uwe mama, umpikie uji, umpokee jembe, maneno ya "kizazi cha kwao" uyameze. Wengi wa hawa wanabeba tena na kujifungua salama.

Baba, na wewe nina neno na wewe. Siku ya kipimo nenda naye. Ukiambiwa rudini baada ya wiki mbili, wewe ndiye wa kusema "tutarudi," maana mara nyingi mama anakubali kusafishwa siku hiyohiyo kwa sababu anaogopa kukuomba nauli mara ya pili. Nauli ya mara ya pili ni ndogo kuliko unavyofikiri, ukiilinganisha na mtoto.

Mtumie posti hii binti aliyeolewa mwaka huu, shemeji yako, na yule dada wa saluni ambaye kila mteja anamuuliza mambo ya mimba. Wiki ijayo tutazungumzia upungufu wa damu kwa mjamzito anayekula ugali wa muhogo kila siku, na nini cha kuongeza kwenye sufuria kwa vitu tulivyonavyo shambani.

Usiku mwema. Na wewe ambaye umepewa tarehe ya kurudia na unahesabu siku sasa hivi, kunywa maji, lala ndani ya chandarua, siku ikifika uende.